Palma, Machi 2021: Uzio ulilindwa, mji ukaachwa

Jumatano, tarehe 24 Machi 2021, kampuni ya Total ya Ufaransa ilitangaza kwamba kazi zitarejea hatua kwa hatua kwenye mradi wake wa gesi katika rasi ya Afungi, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Ilieleza kwamba serikali imeongeza ulinzi, na kwamba eneo lote la kilomita 25 kuuzunguka mradi sasa ni eneo maalumu la usalama, chini ya vyombo vya dola peke yake. Siku hiyohiyo, mnamo saa kumi alasiri, wapiganaji waliingia Palma. Mji huo uko kilomita kama 10 tu kutoka Afungi. Ulikuwa ndani ya duara hilo lililotangazwa kuwa salama.

Shambulio la Palma limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha hoteli moja na wageni waliokwama humo. Kisa hicho ni cha kweli na tutakifikia. Lakini anayelifuatilia shambulio lenyewe kwa ramani na kalenda mkononi anaona jambo zito zaidi. Askari walikuwapo, wengi. Waliwekwa kulinda mali ambayo bado haijajengwa, na watu wa mji wakabaki nje ya hesabu.

Mahali penyewe

Palma ni makao makuu ya wilaya ya mwisho ya jimbo la Cabo Delgado kabla ya mto Ruvuma na Tanzania. Wakazi wake wengi ni Wamwani, Wamakwe na Wamakonde. Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe hutumika sokoni na bandarini bila mtu kukistaajabia. Mtwara iko jirani, Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kusini. Kwa vizazi vingi samaki wakavu, nguo na watu vimepita mtoni na baharini kwa mashua bila kusubiri ruhusa ya miji mikuu miwili.

Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani iligundua gesi nyingi chini ya bahari mbele ya pwani hii. Uamuzi wa kuwekeza ulitiwa saini Juni 2019, na miezi michache baadaye Total ikanunua hisa za Anadarko, asilimia 26.5, na kuwa msimamizi wa mradi. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 20, kwa mitambo miwili ya kusindika gesi kuwa kimiminika. Rasi ya Afungi ikazungushiwa uzio. Familia zilizokuwa zikiishi humo zilihamishiwa Quitunda, kijiji kipya chenye nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari nje ya uzio. Wavuvi walipata nyumba nzuri, ila pwani yao ikawa mbali.

Kwa barabara, Palma inafikiwa kwa njia tatu. Ya kusini inatoka Mocímboa da Praia, kilomita kama 80. Ya magharibi inapita Pundanhar kwenda Nangade na Mueda. Ya kaskazini inapita Quionga hadi Namoto, kwenye kivuko cha Ruvuma. Njia hizi tatu zinaeleza karibu kila kitu kilichotokea baadaye, kwa kuwa zilikufa moja baada ya nyingine na hakuna aliyezifufua.

Mji ulivyofungwa kabla ya kushambuliwa

Vita vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, wanaume wapatao 30 walipovamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Kundi hilo lilitokana na madhehebu ya vijana waliokuwa wamejitenga na misikiti ya kawaida tangu mwaka 2007 hivi. Walipinga shule za serikali, wakagombana na masheikh wao wenyewe, na viongozi wa Kiislamu wa jimbo waliionya serikali mapema. Wenyeji huwaita mashababi, ingawa hawako chini ya Al-Shabaab wa Somalia. Tangu Juni 2019 Dola la Kiislamu limekuwa likidai mashambulizi yao.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa dini tupu, na wapo wanaolieleza kwa umaskini tupu. Wote wanaacha nusu. Pwani ya Wamwani ilijiona imesahauliwa na dola ambayo viongozi wake wengi wa jimbo wanatoka nyanda za Wamakonde. Mwaka 2017 wachimbaji wadogo wa rubi walifukuzwa Montepuez kwa nguvu, na kampuni yenye mgodi, Gemfields, ilikuja kulipa pauni milioni 5.8 mwaka 2019 kumaliza madai ya ukatili, bila kukiri kosa. Wafuasi wa Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyeuawa mwaka 2012, walisambaza mawaidha yake kwa Kiswahili kusini hadi huku. Baada ya mauaji ya Kibiti na operesheni ya polisi mwaka 2017, baadhi ya waliosakwa Tanzania walivuka Ruvuma. Manung'uniko yalikuwa ya Msumbiji. Lugha na mtandao vilikuwa vya pwani nzima.

Turudi kwenye barabara. Tarehe 12 Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilianguka, pamoja na bandari yake, na ikabaki mikononi mwa wapiganaji kwa karibu mwaka mzima. Njia ya kusini ikafa siku hiyo. Njia ya magharibi ikawa ya kuviziwa: magari yalipita kwa msafara au hayakupita. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo wapiganaji walivuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania, Simon Sirro, alisema walikuwa kama 300. Tanzania ikakaza mpaka, na njia ya kaskazini nayo ikawa nyembamba.

Ikabaki bahari na ndege ndogo. Palma, iliyokuwa imejaa watu waliokimbia Mocímboa na vijiji vya jirani, ikaanza kukosa chakula na bei zikapanda kila wiki. Mji usio na barabara hauwezi kuletewa askari haraka, na watu wake hawawezi kutoka haraka. Yeyote aliyekuwa akipanga ulinzi wa Palma mwishoni mwa 2020 alipaswa kuanza na hilo. Hakuna dalili kwamba lilianziwa.

Mwisho wa Desemba 2020 wapiganaji walisogea hadi vijiji vilivyo karibu na uzio, na Mwaka Mpya ukawakuta jirani na Quitunda. Total ikaondoa wafanyakazi wake. Mazungumzo ya wiki zilizofuata kati ya kampuni na serikali yalihusu masharti ya kurudi, na ndiyo yaliyozaa lile duara la kilomita 25. Duara ni rahisi kulichora. Kulilinda kunataka doria nje, vituo vijijini, barabara zilizo wazi na askari wanaolipwa. Kilichoongezwa kwa kasi ni askari ndani ya Afungi.

Nani alilinda nini

Siku ya shambulio ndani ya uzio kulikuwa na kikosi cha pamoja cha jeshi na polisi wa Msumbiji. Taarifa nyingi zinataja askari takribani 800. Kilianzishwa kwa makubaliano ya Agosti 2020 kati ya serikali na mradi. Mradi ulitoa makazi, chakula na vifaa, pamoja na posho iliyofungamanishwa na sharti la kuheshimu haki za binadamu. Jean-Christophe Rufin, ambaye Total yenyewe ilimpa kazi ya kuchunguza hali ya haki za binadamu huko, aliandika katika ripoti iliyotoka Mei 2023 kwamba uhusiano huo wa moja kwa moja na askari unaweza kuufanya mradi uonekane kama upande mmojawapo wa vita, akashauri uvunjwe.

Athari yake ilionekana hata kabla ya maneno ya wanasheria. Askari aliyekuwa Afungi alikula na kulala vizuri kuliko mwenzake wa mjini au wa Nangade. Katika jeshi ambalo mishahara huchelewa na mgao wa chakula hupungua njiani, nguvu itakwenda inakokwenda sahani. Mjini Palma wakabaki polisi wa kawaida na wanajeshi wachache, wasio na gari la deraya la maana na wasio na njia ya kupata msaada usiku.

Angani kulikuwa na kampuni binafsi ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, yenye helikopta nyepesi. Kundi la mamluki la Wagner kutoka Urusi lilikuwa limekuja Septemba 2019, likapata hasara na kuondoka baada ya miezi michache. Dyck ikachukua nafasi hiyo kuanzia Aprili 2020. Inafaa kuzingatia mambo mawili. La kwanza, mkataba wake ulikuwa na polisi, na jeshi halikuwa sehemu yake, hivyo marubani na askari wa Afungi hawakuwa chini ya amri moja. La pili, mkataba huo ulikuwa unaisha mwanzoni mwa Aprili 2021. Serikali ilikuwa imebakiza siku chache kuachana na helikopta pekee zilizokuwa zikiruka kila siku kwenye vita hivyo.

Baharini hali ilikuwa ya kusikitisha zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya serikali, ProIndicus, ilikopa dola milioni 622 kwa siri kwa ajili ya boti za doria na rada za kulinda pwani hii hii na gesi yake. Ni sehemu ya madeni ya siri ya dola zaidi ya bilioni 2 yaliyoiangusha sarafu ya nchi yalipofichuka mwaka 2016. Palma ilipowaka, watu waliokuwa ufukweni waliokolewa na mashua za wavuvi, meli za mizigo na boti za watu binafsi.

Saa kumi alasiri

Machi, jua la Palma huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayeanza shambulio saa kumi ana muda wa kuingia mjini na kukamata sehemu muhimu huku bado kuna mwanga, kisha giza linamfunika kabla msaada haujajipanga. Helikopta za kampuni ile hazikuwa za kutua usiku kwenye mji unaopigwa risasi, na kituo chao kikuu kilikuwa Pemba, mbali kusini.

Wapiganaji waliokisiwa kuwa zaidi ya 100 waliingia kutoka pande tatu. Mashuhuda walieleza kwamba baadhi walikuwa wameshaingia mjini siku za nyuma wakiwa wamevaa kiraia, na wengine walionekana na sare za jeshi. Ni jambo lililotarajiwa. Katika mji uliojaa wageni waliokimbia vita, bila orodha ya nyumba kwa nyumba na bila balozi wa mtaa anayeaminiwa na polisi, kumtofautisha mkimbizi na mpelelezi ni bahati nasibu. Walielekea kituo cha polisi, kambi ya askari, uwanja mdogo wa ndege na benki. Mawasiliano ya simu yakakatika tangu mwanzo.

Kukatika kwa simu ndiko kulikoua wengi ambao risasi za kwanza ziliwakosa. Mji ukagawanyika kuwa mitaa isiyojua kinachoendelea mtaa wa pili. Watu walikimbilia upande ambao tayari ulikuwa umefungwa, familia zikaachana njiani na hazikuweza kutafutana. Waliobaki na mawasiliano ni wachache wenye simu za setilaiti, wengi wao wafanyakazi wa makampuni, na kwa sababu hiyo dunia ilisikia kwanza habari za hoteli. Mama aliyejificha na wanawe kwenye mikoko kwa siku nne hakuwa na wa kumpigia.

Hoteli hiyo ni Amarula. Watu wanaokaribia 200, Wamsumbiji kwa wageni, walikusanyika humo kwa sababu ilikuwa na ukuta, jenereta na chakula. Helikopta zilitua mara chache na kuondoa watu wachache kila safari, kwa kuwa ni ndogo. Amnesty International ilidai baadaye, kwa ushahidi wa manusura, kwamba wakandarasi weupe walitangulizwa, Dyck ilikanusha. Ijumaa tarehe 26, helikopta zikiwa zimeishiwa muda na mafuta, waliobaki waliamua kutoka kwa magari kuelekea ufukweni ambako boti zingewachukua. Msafara ulikuwa wa magari 17. Uliviziwa mara baada ya kutoka getini, na yaliyofika ni 7.

Kilichokosekana hapo kinaelezeka kwa maneno ya kawaida. Hakukuwa na sehemu ya kukusanyika iliyokubaliwa mapema karibu na maji. Hakukuwa na mafuta ya ndege yaliyowekwa akiba karibu kwa ajili ya raia. Katika malalamiko waliyofungua Ufaransa, manusura na familia za waliokufa wanadai kwamba mafuta yaliombwa Afungi yakanyimwa, na Total inakana kuwa ilizembea. Hakukuwa na kikosi cha ardhini kilichopewa kazi ya kufungua barabara kutoka Afungi hadi Amarula, ingawa askari walikuwapo umbali ambao gari hulimaliza chini ya nusu saa siku ya amani. Amri waliyokuwa nayo ilikuwa kulinda uzio, na walilinda uzio. Afungi haikuingiwa.

Waliokwenda wapi

Maelfu walielekea Quitunda na lango la Afungi, kwa hesabu iliyo wazi: penye askari wengi ndipo penye usalama. Baadhi waliingizwa. Meli ya Sea Star ilichukua watu zaidi ya 1,300 kutoka Afungi na kuwafikisha Pemba mwishoni mwa wiki ileile. Waliobaki nje walikaa Quitunda kwa wiki nyingi, familia kadhaa katika nyumba moja, wakisubiri ndege au boti. Wengine walitembea siku kadhaa porini hadi Nangade na Mueda, wakinywa maji ya madimbwi na kukwepa barabara. Wengine walipanda mashua zenye watu kupita kiasi kwenda visiwani na Pemba.

Na wengine walivuka Ruvuma. Hapa inabidi kusema wazi, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili hawakulisikia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliripoti kwamba kati ya Januari na katikati ya 2021 watu zaidi ya 9,000 walirudishwa Msumbiji kutoka Tanzania kwa nguvu. Walisafirishwa mbali na sehemu walikovukia, hadi Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, mahali pa bara pasipo na chakula wala makazi ya kutosha. Tanzania ilikuwa na sababu ya kuogopa. Damu ya Kitaya haikuwa imekauka. Lakini wanawake na watoto waliowekwa kwenye malori hawakuwa waliochinja Kitaya. Walikuwa wanamkimbia mtu yuleyule. Kuwachuja mpakani kunawezekana: kuwahoji kwa lugha wanayoisema, kuwatenga wanaume wenye mashaka, kuwaweka wengine mbali na mto. Ni kazi ya kuchosha, na nchi iliyopokea wakimbizi kwa miongo sita inaifahamu vyema.

Idadi ya waliokufa haijawahi kutolewa na serikali kwa ukamilifu. Ilianza kwa kutaja makumi. Uchunguzi wa mwandishi wa habari uliofanywa nyumba kwa nyumba na kutangazwa mwaka 2023 ulipata majina ya watu 1,193 waliouawa na 209 waliotekwa. Tofauti kati ya makumi na elfu moja ina maana kubwa: mji ambao wafu wake hawakuhesabiwa ulikuwa hauhesabiwi hata kabla ya kufa.

Tarehe 26 Aprili 2021 Total ilitoa tamko la kisheria kwamba jambo lililo nje ya uwezo wake linaizuia kutimiza mikataba, ikaondoka kabisa. Wakandarasi wadogo wa Msumbiji waliokuwa wamekopa kununua malori na kujenga nyumba za kupangisha walibaki na madeni.

Waliokuja baadaye

Julai 9, 2021 Rwanda ilianza kupeleka askari na polisi 1,000. Chini ya mwezi mmoja, tarehe 8 Agosti, Mocímboa da Praia ilikombolewa. Walikwenda kwa mikono miwili: mmoja kutoka Palma kushuka kusini, mwingine kutoka upande wa Mueda kupitia Awasse, halafu wakaendelea hadi Mbau na kambi za msituni karibu na mto Messalo.

Kwa nini wao waliweza? Walikuwa na amri moja kutoka Kigali hadi kwa kamanda wa doria. Walitembea kwa miguu, usiku pia, badala ya kushinda barabarani na kurudi kambini kabla ya giza. Waliweka vituo vidogo vijijini na kukaa humo. Na wengi wao walizungumza Kiswahili. Bibi wa Quionga aliweza kumwambia askari ni nani aliyepita usiku bila kutafuta mkalimani wa Kireno, na habari ya namna hiyo, inayotoka kwa hiari, huwa na thamani kuliko ndege isiyo na rubani. Jeshi la Msumbiji lenyewe lilikuwa limejaza vijana wa kusini wasioelewa neno la Kimwani, waliomwona kila kijana wa pwani kuwa mshukiwa, na mara nyingi walimtendea hivyo.

Jumuiya ya SADC nayo ilileta kikosi chake katikati ya Julai 2021. Watanzania na Walesotho walikaa Nangade, Waafrika Kusini Macomia. Kilikuwa na eneo kubwa, fedha kidogo na helikopta chache, na kikaondoka mwaka 2024. Tanzania iliendelea kubaki Nangade kwa makubaliano yake na Msumbiji, jambo la busara kwa nchi yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 700 mtoni. Rwanda iliongeza askari wake, na Umoja wa Ulaya ukaichangia Rwanda euro milioni 20 mwaka 2022 na nyingine 20 mwaka 2024.

Lakini angalia sehemu walizowekwa Wanyarwanda mwanzoni: Palma na Mocímboa, wilaya mbili zenye gesi, bandari na barabara ya kuunganisha. Wapiganaji walisoma ramani hiyo vizuri kuliko wengi. Walijigawa katika vikundi vidogo na kuhamia kusini, penye walinzi wachache. Juni 2022 walikuwa Ancuabe, Septemba walikuwa Nampula, ambako mtawa wa Kiitaliano, Maria De Coppi, aliuawa katika misheni ya Chipene. Mwishoni mwa mwaka huo waliohama makwao walipita milioni 1. Kiongozi wao, Bonomade Machude Omar, mzaliwa wa wilaya ya Palma, aliuawa Agosti 2023, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Mapema 2024 waliingia Chiúre, na Mei 10 mwaka huo waliuvamia mji wa Macomia. Barabara kuu ya N380, inayounganisha kusini na kaskazini ya jimbo, ikawa na vizuizi vyao: dereva anasimamishwa, anadaiwa pesa, anayelipa anaachiwa. Kodi ya namna hii inalisha vita kwa gharama ndogo kuliko wizi wa benki. Pia inamfundisha mfanyabiashara kwamba mwenye barabara ni nani.

Vijana wanaojiunga wanafuata njia kadhaa. Wapo waliopewa mtaji wa duka au wa nyavu, wakadaiwa kulipa kwa utumishi. Wapo waliotekwa wakiwa watoto na kukulia porini. Wapo waliopigwa na askari wa serikali wakaona hawana cha kupoteza. Kila kundi linataka mlango wake wa kutokea, na mtoto aliyetekwa hawezi kupitishwa mlango mmoja na kamanda. Mpaka sasa anayerudi kijijini mara nyingi hukutana na ofisa anayetaka kumfunga au jirani anayetaka kumuua.

Kurudi kwa mradi

Machi 2025 waendesha mashtaka wa Nanterre, Ufaransa, walifungua uchunguzi rasmi wa kimahakama dhidi ya TotalEnergies, jina jipya la Total, kuhusu kuua bila kukusudia na kutowasaidia watu waliokuwa hatarini, kufuatia malalamiko ya mwaka 2023. Kampuni inakanusha. Mwezi huohuo benki ya serikali ya Marekani ya mikopo ya biashara ya nje ilithibitisha upya mkopo wa dola bilioni 4.7. Mwishoni mwa mwaka lile tamko la Aprili 2021 liliondolewa, kazi zikaanza kurudi.

Zinarudi kwa utaratibu ambao mtu aliyefuatilia Machi 2021 lazima aushtukie: Afungi inafikiwa kwa ndege na kwa bahari, wafanyakazi wanakaa ndani ya uzio na mji wanauona kwa mbali. Kwa bima na kwa wahandisi, hilo linaeleweka. Kwa Palma, maana yake mama lishe, mwenye nyumba ya kupangisha na fundi magari hawana mteja, wakati gesi inachimbwa mbele yao. Kijana anayetafutwa na wapiganaji ni mtoto wa mama lishe huyo. Na barabara ya kwenda Mocímboa na Macomia, ikiwa mradi hauihitaji tena, inapoteza mtetezi wake mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Serikali na kampuni wakikaa tena kuandika masharti ya ulinzi, kuna mambo ambayo hayapaswi kuachwa kwenye maelewano ya mdomo. Mpango wa kuwaondoa watu wa Palma na Quitunda uwe sehemu ya mkataba wenyewe, uzito sawa na wa wafanyakazi wa mradi. Utaje fukwe za kukusanyikia na njia ya kuzifikia kutoka kila mtaa, boti zitakazotumika na mwenye funguo zake, lita za mafuta ya ndege zinazokaa akiba kwa ajili ya raia. Redio za masafa marefu ziwe mikononi mwa wakuu wa mitaa na maimamu, zijaribiwe kila wiki, ili minara ya simu ikianguka mji usikatike vipande. Utaje kikosi kitakachotoka nje ya uzio kuifungua barabara, na kwa cheo ni ofisa gani anayetoa amri ya kufungua lango bila kusubiri simu kutoka Maputo au Paris.